Ukitoka, Mwili Unabaki

Kijiweni kwetu tumebishana mambo mengi na mengi tumeyaacha bila mshindi, lakini ubishi uliotunyamazisha ulikuwa wa mchezo wa kompyuta. Benchi letu limeegemea ukuta kati ya mlango wa fundi cherehani na mlango wa kinyozi, na atakayekaa upande wa kushoto akubali kuondoka na chokaa mgongoni. Tuko wanne. Breki aliendesha malori mpaka magoti yakagoma. Siku hizi anatupikia kahawa kwenye jiko dogo la mafuta na kutugawia methali zisizokaa mahali pake. Taarifa ndiye kinyozi, na habari humfikia kabla haijamfikia mwenyewe. Mimi nashona viatu hapo pembeni. Wa nne ni Pindo, fundi cherehani. Jina tulimpa kwa sababu hawezi kuona suruali iliyofumuka pindo ikampita akanyamaza, hata kama hamjui mwenye suruali.

Asubuhi hiyo Pindo alitoka dukani kwake, tepu ya kupimia bado shingoni, akakaa bila kusalimu mtu. Breki akampa kikombe. Akakishika tu, hakunywa.

— Wameivunja, akasema.

Taarifa alisogea mlangoni, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi.

— Nyumba?

— Nyumba. Na binti wamemuua.

Mteja aliyekuwa kitini alitoka na nusu ya kichwa kimenyolewa, tayari kutoa pole ya msiba. Ikabidi nimweleze kwamba hakuna aliyekufa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona sieleweki. Basi na wewe nikuanzie mwanzo.

Pindo ana mtoto mmoja tu, msichana. Aliondoka hapa kwenda nchi ya mbali, akapata kazi ya kutunza wazee wasiojiweza. Mama yake alipofariki, kazini walimnyima ruhusa, tukazika yeye hayupo. Baada ya mazishi akapiga simu. Pindo, kwa uchungu, akamwambia neno moja tu: "Mama yako amezikwa na majirani." Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikalisikia. Binti alijibu nini sijui, ila tangu siku ile simu yake ikawa inaita mpaka inakata. Pindo alipiga na kupiga, mwisho akaona haya mbele yetu, akaacha.

Mwaka ukapita. Halafu ukaja ujumbe mfupi: jina la mchezo, jina ambalo binti anatumia humo, na maneno mawili, "Ukipenda, njoo." Pindo alidhani ni matapeli. Taarifa ndiye aliyemwelewesha, akamfufulia ile kompyuta ya zamani ambayo binti aliiacha chini ya kitanda, akamfundisha kutembea humo kwa kidole kimoja kimoja.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mnashushwa kisiwani watu wengi, kila mmoja yuko kwake, pande zote za dunia, lakini humo mko pamoja saa ile ile. Huna kitu. Unaokota mawe, unakata miti, unawinda, unajenga. Njaa inakuuma, baridi inakung'ata, na binadamu mwenzako anakuja kumalizia walichobakisha hao wawili. Na kuna sheria moja ambayo mimi mpaka leo sijaizoea: ukizima kompyuta, mwili wako hauondoki. Unabaki umelala pale pale ulipouacha. Mwenzako akikupenda anaweza kukulisha ukiwa usingizini. Adui akikukuta anakuua. Ukishauawa, siku utakayorudi unaamkia ufukweni, uchi, mikono mitupu, na nyumbani hupajui tena.

Siku ya kwanza Pindo alipoingia, alimkuta binti anamsubiri pale pale ufukweni. Akamrushia kipande cha nyama, kisha akaandika, "Shikamoo baba." Pindo alitafuta herufi moja baada ya nyingine mpaka akamaliza kuandika "marahaba", na Taarifa, ambaye hana siri, alitutangazia kwamba mzee alilia mpaka akalowesha vitufe.

Wakajenga. Kwanza kibanda cha miti, baadaye nyumba ya mawe juu ya kilima. Pindo akagundua kwamba humo unaweza kushona nguo za ngozi, basi akawa fundi hata huko. Watu wasiomjua sura wakawa wanakuja na ngozi za mbwa mwitu kutaka makoti. Hapa kijiweni tulimwona mtu mwingine. Alirudi kunyoa ndevu. Alianza tena kutuchokoza na suruali zetu.

Halafu siku moja binti akalala kwenye kitanda chake humo ndani, akatoka, hakurudi. Kesho yake hakurudi, wala wiki ile. Pindo akawa kila jioni, kabla ya kufunga duka, anaingia kisiwani, anaulisha ule mwili uliolala, anatia kuni kwenye moto, anakagua ukuta, anatoka. Breki alimtia moyo kwa kusema kimya kingi kina mshindo mkubwa, kwa hiyo binti yuko salama. Hakuna aliyemsahihisha.

Sasa ukuta umebomolewa. Pindo alikuwa anamalizia sare za shule, akachelewa kuingia. Alipofika akakuta mlango haupo, masanduku yametupwa chini, kitanda cha binti kitupu.

Kijiweni mtu akiumia, dawa yetu ni moja: tunabishana mpaka asahau. Tukaanza.

Taarifa alisema mchezo wenyewe usionewe, una uzuri wake. Mvua ikinyesha humo, alisema, unajikuta unatafuta koti lako la kweli. Ukisikia hatua nje ya mlango moyo unakwenda mbio kama wewe ndiye mwizi. Na uko mchezo gani mwingine utakaokufanya umpende mtu usiyemjua uso kwa sababu tu alikupa kuni siku ya baridi? Mimi nikamjibu kwamba uzuri huo ndio chambo chenyewe. Anayeshinda kazini na anayeshinda humo wanapimwa kwa mizani moja, na wapo wenye ujanja wa kuona kupitia ukuta, wala hakuna wa kuwakemea. Na zaidi ya yote, mchezo unaomwadhibu mtu kwa kulala si mchezo. Hata jela wanakuacha ulale.

— Hapo sasa hujaelewa, Breki akadakia. Mficha uchi hazai. Ndiyo maana wanakurudisha ufukweni uchi, uzaliwe upya.

— Mzee, nikamwambia, hiyo methali haina maana hiyo.

— Inayo kwa wanaofikiri.

Pindo hakucheka. Breki, kuona hivyo, akaongeza moto. Akasema aliyevunja ile nyumba ni mtu wa mtaa huu huu, kwa sababu kikulacho ki nguoni mwako, na Pindo nguo za mtaa mzima zinapita mikononi mwake. Taarifa akakataa. Yeye alisema ni wenye mchezo. Wameajiri wavunjaji, kazi yao kuzunguka kisiwani wakitafuta aliyetulia, kwa maana mtu akishatulia hana haja tena ya kuhangaika humo, na asiyehangaika hawamtaki. Nilianza kuona maneno yana mantiki, nikaogopa.

Breki akakoroga birika ambalo halikuhitaji kukorogwa, kisha akaja na jipya. Akasema aliyevunja ni binti mwenyewe. Amerudi kwa jina jingine, amemuua yule aliyelala kitandani ili aone baba atafanya nini. Anampima.

— Akinipima, Pindo akasema taratibu, basi ameona sikuwepo.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu tulipoanza, na hapo ndipo tulipotakiwa kuacha. Lakini Taarifa akishaanza kushuka mlima hana pa kusimamia. Akaizima mashine, akaja kuchuchumaa mbele ya benchi.

— Mzee, nikuulize bila ubaya. Una hakika alikuwa yeye?

— Nani?

— Huyo wa kisiwani. Sauti yake hukuisikia hata mara moja. Ni maandishi tu. Shikamoo kila mtu anaweza kuiandika.

Nilitamani ardhi impasukie Taarifa. Breki aliangalia pembeni. Pindo alilizungusha swali lile kama mtu anayetafuta upande wa mbele wa kitambaa, kisha akatueleza jambo ambalo hakuwahi kutueleza.

Alisema walipokuwa wanapanga vyumba vya ile nyumba ya mawe, vilitosha viwili, chake na cha binti, lakini binti akachora cha tatu, upande unaopata jua la asubuhi. Akakijengea ukuta, akakiwekea dirisha, akakiacha kitupu. Pindo alitaka kuweka ngozi zake humo. Binti akaandika, "Kiache hicho." Hapo ndipo alipojua bila shaka yoyote anaishi na nani, kwa sababu hata hapa nyumbani, mama yake alikuwa hapendi chumba kingine ila cha upande wa jua.

Taarifa aliinuka, akajifanya kukung'uta nywele kwenye aproni.

Wakati huo wote, tangu nilipokuwa namsimulia yule mteja habari ya binti na msiba wa mama yake, palikuwa na mama mmoja amesimama mlangoni kwa Pindo, amekuja kuchukua sketi iliyokuwa inabadilishwa zipu. Hakuwa mtu wa kijiwe, hatukuwa tunamfahamu. Alikuwa ametuacha tumalize, kwa adabu, mfuko mkononi. Sasa akasogea.

— Samahani kaka, nimesikia maneno yasiyonihusu, akamwambia Pindo. Alipokwambia kiache hicho, wewe ulimjibu nini?

Pindo alimtazama.

— Nilimwandikia alete mbao, akasema. Paa lilikuwa bado.

— Akaleta?

— Akaleta. Tukaezeka. Halafu akaenda kulala.

— Ndiyo siku ile hakurudi?

Pindo akavuta tepu shingoni. Sote tulikuwa tunaijua hiyo siku, tulikuwa tumeizungumza mpaka ikachakaa: mtandao, kazi za zamu, labda kompyuta imeharibika, labda amehama. Hakuna aliyewahi kuiunganisha na chumba, kwa sababu chumba hatukukijua, na aliyekijua alikuwa anafikiria paa.

Yule mama hakuwa na ukali wowote. Aliuliza kama anavyouliza mtu aliyepotea njia.

— Sasa na lile la mama yake, mlilizungumza lini?

Breki alifungua mdomo. Nilijua anatafuta methali, na nilimwona akiikosa. Taarifa alikuwa ameshika kitana, anakitazama meno. Mimi nilikuwepo siku neno lile liliposemwa, na tangu siku hiyo mpaka leo sikuwa nimemuuliza Pindo hata mara moja kama amelirudisha. Tulimfundisha kukata miti. Tulimfundisha kulenga upinde. Tulishangilia nyumba ilipokamilika, tukanywa kahawa kwa furaha ya paa.

Pindo alikiweka kikombe chini. Akatoa simu mfukoni, akaifungua mpaka kwenye jina la binti, pale ambapo ujumbe wa mwisho ulikuwa bado ni ule wa maneno mawili, na chini yake yeye hakuwahi kuandika kitu. Akabonyeza ile alama ya kurekodi sauti, akaishikilia kwa kidole gumba, akaileta simu mdomoni.

Breki alipunguza jiko ili apate nafasi.

— Mwanangu, akasema.

Kisha hakusema kitu. Midomo ilifunguka, ikafungika. Pikipiki ikapita na kelele zake, ikaishia. Breki akakohoa, akajiziba mdomo kwa kiganja akiwa amechelewa. Ndani ya duka upepo uligeuza kitambaa kilichoachwa chini ya sindano. Mwisho kidole gumba cha Pindo kikachoka, kikaachia. Ujumbe ukaondoka vile vile ulivyo.

— Umekwenda, Taarifa akasema kwa sauti ya chini.

— Nimeona.

Yule mama alikaa kwenye benchi, upande wa chokaa, bila kujali. Sketi yake hakuiulizia. Pindo akaiweka simu juu ya goti, kioo kikiangalia juu, na sote tukainama kuitazama: alama moja ndogo ya kijivu, kwamba ujumbe umetoka huku. Ya pili, ya kwamba umefika kule, tuliisubiri mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Haikutokea.