Mazoezi ya Ndivani

Tangu gari litoke Lushoto, Mwanamwema, muuza mapeasi, alikuwa amejifanya kusinzia, maana hakuna asikiaye vizuri kama aliyesinzia. Kiti cha mbele yake, Mwalimu Elisante alikuwa akimweleza Mzee Hezekia habari za mashindano ya kesho huko Tanga: kuogelea baharini, kisha baiskeli, kisha mbio.

"Kuogelea ni kitu kidogo tu cha mwanzoni, mzee. Mshindi hupatikana kwenye baiskeli, na milima hii yote nimeimaliza."

"Sasa mwanangu, ukizama, hiyo baiskeli ataipanda nani?"

Mwanamwema aliafiki kimoyomoyo, macho kayafumba.

"Nizame mimi? Wiki tatu nafanya mazoezi kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Nakwenda na kurudi mara ishirini bila kupumzika!"

"Nakuonaga," alisema Hezekia kwa upole wa mzee wa kanisa. "Mimi ndiye ninayefungulia maji yaende mashambani."

"Basi wewe ndiye shahidi wangu, mzee!"

"Tangu tupite Soni natafuta namna ya kukwambia. Jana nilifungulia ilipotimu saa moja. Saa moja na nusu maji yalikuwa yamekwisha yote, na wewe bado ulikuwa unaogelea."

Gari likasimama Mombo. Elisante akashuka amevaa kaptula yake mpya, akaulizia basi la Tanga kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda. Mwanamwema akafumbua macho, akamtazama magoti: yote mawili yamechubuka.