Sauti 312 za Marehemu Nyale Ruwa

Marehemu Stephen Nyale Ruwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, Bofu, Likoni, akiwa mtoto wa tatu wa Ruwa Kiponda na Kadzo. Alianza masomo Bofu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1977.

Mwaka 1979 aliajiriwa bandarini kama karani wa kumbukumbu, akastaafu mwaka 2013. Alifunga ndoa na Ruth Mueni tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa Kanze na Kioko.

Baada ya kustaafu alisimamia maktaba ndogo ya kanisa, yenye kompyuta moja ya msaada. Kwa simu yake alirekodi wazee 311 wakieleza koo zao, mashamba yao na ndoa zao. Aliwaahidi kwamba hakuna atakayesikiliza bila idhini yao, hivyo akazifunga rekodi kwa neno la siri. Alizinakili katika diski tatu: moja maktabani, moja nyumbani, na moja Jomvu Kuu kwa Bi Mwanakheri, aliyefanya naye kazi bandarini, ili moto au maji yasizimalize pamoja. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alizikagua zote. Kwa ajili ya unyevu alizitia mikebeni pamoja na vile vijifuko vya kukaushia vinavyotoka ndani ya maboksi ya viatu. Wauza viatu walimzoea.

“Mzee, leo wataka viatu ama vijifuko?”

“Viatu ninavyo, mwanangu.”

Familia zilizofiwa zilimwendea kuomba sauti ya mtu wao, naye akawafungulia, ikiwa mwenye sauti aliwahi kuridhia. Kanze, aliyesomea kompyuta chuo cha ufundi, alimsihi aliandike neno hilo mahali.

“Likiandikwa, ahadi yangu imevunjika,” alimjibu.

Kwa heshima, Kanze hakurudia.

Tarehe 9 Februari 2025 alipatwa na kiharusi kilichomnyima usemi na mkono wa kulia. Kanze alimwekea kadi yenye alfabeti ili aonyeshe neno hilo herufi kwa herufi. Aligusa N, akasita muda mrefu, machozi yakamtoka. Kadi ikaondolewa. Aliaga dunia hospitalini tarehe 27 Februari.

Diski zote tatu ni nzima, na hakuna awezaye kuzifungua. Rekodi ya 312 ni yake mwenyewe. Tulitamani muisikie leo.

Ameacha mjane, Ruth. Watoto, Kanze na Kioko. Na mjukuu mmoja, Faith. Yeyote ambaye marehemu aliwahi kumtajia neno hilo, tafadhali aione familia baada ya mazishi.

Mwenyezi Mungu, alijuaye neno hilo, ampokee na kumpumzisha.