Fundi Anaitwa Alfajiri

Benchi letu liko mbele ya duka la Kinyozi, mguu mmoja umewekewa tofali. Kila asubuhi tunabanana hapo na vikombe vya kahawa kabla kazi hazijatuita. Fundi cherehani, ambaye chumba chake cha kushonea kiko mlango wa pili, ndiye hutangulia siku zote. Asubuhi moja macho yake yalikuwa mekundu, na jana yake alikuwa amemshonea mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto. Kinyozi akamuuliza kulikoni.

— Mama watoto ananiita.

Mama watoto tulikuwa tumemzika sisi wenyewe, kabla ya mvua.

— Anakuitaje? akauliza Kinyozi.

— Alfajiri, usingizi ndo unanitoka. Ndoto si ndoto, macho si macho. "Wewe, kumekucha." Vilevile alivyokuwa akiniamsha. Nikifumbua macho, mto mtupu. Sasa naogopa hata kulala.

— Hilo jepesi. Unalalia mto wake. Mto unashika maneno, bwana. Mimi nashinda na vichwa vya watu, navijua.

Redio, tuliyempa jina hilo kwa sababu hazimiki, akadakia:

— Mto wapi! Roho ikilala inatoka kutembea. Ikirudi inapitia sikioni, inazikanyaga sauti za zamani zilizoganda mle. Ndo unazisikia.

— Kwa hiyo nizibe masikio?

— Uzibe, roho iingilie wapi? Utaamka huna roho, utushonee mashati ya mikono mitatu!

Tukacheka. Fundi naye akatabasamu kidogo. Dobi, aliyebanwa mwisho wa benchi, akatukata jicho.

— Msicheke. Fundi, akikuita usiitike. Baba yangu mdogo aliitika, mpaka leo anaitika bila kuitwa. Yuko sokoni, peke yake, "Naam! Naam!"

— Geuza kitanda, akasema Kinyozi.

— Nimegeuza. Akaniitia upande wa dirishani.

— Basi hama nyumba!

— Akinifuata je? Fundi akakizungusha kikombe mkononi. Na asiponifuata je?

Hapo hakucheka mtu.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja, mgeni mtaani, kaleta sketi ya bintiye itiwe zipu.

— Shikamooni, baba zangu. Samahani, nimewasikia. Fundi, alipokuwa hai, akikuamsha hivyo ulikuwa ukimjibu nini?

Tukamgeukia Fundi. Akaipokea ile sketi, akaingia chumbani kwake bila kumaliza kahawa.

Kesho yake benchi lilijaa, Fundi hayupo. Jua likapanda, birika likakauka. Kinyozi alikuwa ameshavua aproni amfuate nyumbani, mara tukamwona anakuja taratibu, vifungo vya shati vimepishana, shavuni bado ana alama za mikunjo ya shuka.

— Vipi, leo hakukuita?

— Kaniita.

— Ukafanyaje?

Akaketi, akajikuna shingo kama mtu anayeona haya.

— Nikamjibu kama zamani. "Niache kidogo tu, mke wangu."

— Akasemaje?

— Akaniacha.