Jaji Aliyemwandikia Aliyeshindwa

Tarehe 30 Juni, Mheshimiwa Jaji anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, kumi na minne kati yake akiwa katika Mahakama ya Rufaa. Alianza akiwa hakimu kijana, katika chumba ambacho mlango wake haukufungika mpaka uegemezwe kiti. Mwenyewe husimulia kwamba aliyemwonyesha namna ya kukiegemeza alikuwa mshtakiwa wake wa kwanza.

Sisi watafiti wa sheria tulimwita Mama Rudia. Rasimu ya hukumu iliyojaa Kilatini ilirudi mezani kwako na neno hilo moja pembeni, kwa penseli. Alishikilia kwamba aliyeshinda hutazama mstari wa mwisho tu, akaenda zake. Anayesoma yote ni aliyeshindwa, basi aandikiwe yeye. Mumewe hulalamika kwamba hata akinyimwa kijiko cha pili cha sukari, husomewa sababu tatu na kukumbushwa haki yake ya kukata rufaa.

Mwaka mmoja, jopo aliloliongoza lilikubaliana kuitupa rufaa ya fundi cherehani aliyefungwa maisha kwa mauaji. Ushahidi ulikuwa wa jirani aliyedai kumtambua kwa mgongo. Jaji akachukua kazi ya kuandika, akakwama. Hakupata sentensi ya kumweleza fundi yule kwa nini mgongo wake unatosha kumzeesha gerezani. Akawaita wenzake wawili.

“Jamani, nisaidieni hapa, mimi imenishinda.”

“Dada, leo umetuandikia ‘rudia’ hata sisi?” mmoja alimtania.

Walicheka, wakajaribu sentensi moja baada ya nyingine. Hakuna iliyosimama. Rufaa ikakubaliwa, na fundi akatoka.

Nimejiuliza mara nyingi kama ni utaratibu wake uliomwokoa mtu yule, au ni bahati tu kwamba kazi ya kuandika aliichukua yeye. Huenda mwandishi hodari zaidi angeipata sentensi hiyo, nasi tungeisifu. Ninachojua ni kwamba tangu hapo, kalamu inapogoma, siilazimishi haraka kama zamani.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kila ulichoturudishia. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na asubuhi nyingi zisizo na jalada. Kazi uliyoifanya haihitaji kusifiwa sana: fundi yule yuko kwake, anashona.