Alama ya Mkanda

Foleni ya basi la Kibera ilikuwa imesimama tu pale Kawangware. Mbele ya Kaveke, nyanya wa wajukuu saba, msichana alikuwa akichora shujaa wa gemu kwenye simu. Kijana asiyemjua akachungulia.

“Sista, huyo ni shujaa ama ni mama mboga?”

“Ni shosho yangu, mama ya baba. Alitubebea maji ya mto kwa mtungi uliofungwa mkanda kichwani mpaka mgongo ukapinda. Sasa bosi wa gemu anataka nimpe kiuno chembamba, nimvue leso, nifute hii alama ya mkanda kwa paji. Nikikataa, kazi imeisha.”

“Si ufute! Nani atacheza na mama wa mtungi?”

Kaveke aligusa paji lake, pale mkanda wa mtungi ulipochimba bonde tangu usichana. Alitaka kusema neno. Basi likafika, watu wakasukumana, na msichana, kichwa chini, akaanza kufuta ile alama.