Niliyemwachia Wambura Kosa Langu

Asifiwe Bwana anayeshusha na kuinua, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana mimi nimeshushwa kabla ya kuinuliwa, na kule chini nakujua.

Wazee wa kanisa hapa Nyakato wameniomba niseme na vijana mnaosomea ufundi. Mmeuliza kwa nini mainjinia wengi hukabidhiwa viwanda na mashirika, wakaviongoza vizuri kuliko watu waliosomea biashara yenyewe. Swali zuri. Nitalijibu kwa maisha yangu, na nawaomba mnivumilie, maana sehemu kubwa ya jibu ni aibu.

Nilikuwa kijana wa Bunda, baba yangu mkulima wa pamba. Baada ya Uhuru serikali ilinipeleka ng'ambo kusomea mitambo. Niliporudi, kinu chetu cha kuchambua pamba pale Bunda kilikuwa kimeshakuwa mali ya umma, na mzungu aliyekiendesha ameondoka. Nikawekwa injinia. Ndugu zangu, nilifanya kazi! Injini zilizokuwa zinakufa kila wiki zilikaa msimu mzima bila kuzimika. Mashine haikubali hotuba. Haijali wewe ni mtoto wa nani. Ikiharibika, unatafuta kosa lilipoanzia mpaka ulipate, na usipolipata, inakaa kimya inakutazama. Mtu aliyezoea hivyo, ukimpa watu na mali, hatafuti wa kumlaumu, anatafuta lilipoanzia kosa. Basi wakubwa waliona, wakanifanya meneja.

Hapo ndipo nilipoanguka.

Nilipata kiti na simu, na gari la kunipeleka Musoma kwenye mikutano. Nikaanza kupenda kuripoti. Karakana sikuingia tena. Mafundi nilimwachia mzee Wambura, fitter wetu, yaani fundi wa kufunga na kutengeneza mitambo, mtu asiyejua kusoma, aliyekuwaga anashika kijiti kirefu cha mti, anagusisha ncha kwenye mashine na ncha nyingine sikioni, akakuambia ugonjwa uko wapi. Mimi na shahada yangu nilikuwa najifunza kwake.

Msimu mmoja tuliahidi kumaliza pamba yote kabla ya ugeni mkubwa kuja kutuona. Ahadi ilikuwa yangu. Siku tatu kabla, Wambura alikuja ofisini na mikono ya grisi, akasimama mlangoni.

"Meneja, beringi ya shafti ya chini inalia. Imepata moto. Tusimamishe leo."

"Tukisimamisha tunapoteza siku ngapi?"

"Mbili. Labda tatu."

"Mwagia oili, mzee. Tutafungua wakishaondoka."

Alinitazama. "Wewe ni injinia," akasema. "Unajua."

Nilijua! Ndiyo maana nasimama hapa. Nilijua kuwa chini ya sakafu ya kinu, inapozunguka ile shafti, vumbi la pamba limejaa, na beringi ikiwaka italiwasha. Nikamwambia arudi kazini.

Moto ulitoka chini kesho yake mchana, saa nane, watu wote wakiwa kwenye mashine. Pamba haiungui kama kuni, ndugu zangu. Inapaa. Wengi walitoka. Nyangeta, mama wa watoto wanne aliyekuwa analisha mashine ya tatu, kanga yake ilishika moto akiwa anamsukuma mwenzake nje. Aliishi siku tatu hospitali. Nilikwenda mara moja, nikasikia sauti yake nikiwa bado kwenye korido, nikageuka.

Walipokuja kuchunguza, waliniuliza chanzo. Mimi niliyefundishwa kutafuta kosa lilipoanzia, nilisema ni uzembe wa fitter. Nikasema Wambura alikuwa anavuta sigara chini ya sakafu. Waliandika. Nilitia sahihi.

Alifukuzwa kazi bila kitu. Kaka zake Nyangeta walimvunjia nyumba, na walikuwa na haki ya kukasirika, ila hasira hiyo ilikuwa yangu na mimi nilimpa mtu mwingine abebe. Akahamia mashambani, Buswahili, na mke wake, wakiwa na nguo walizovaa tu.

Mimi nilibaki meneja, tena nikasifiwa kwa kujenga kinu upya. Lakini ndani nilikuwa naoza. Nilianza kunywa gongo asubuhi, nikawa naficha chupa kwenye kabati la ramani. Mke wangu alichukua watoto akaenda kwa dada yake huko Kamunyonge, Musoma. Aliniambia, "Baba Magesa, sijui una nini, lakini nyumba hii inanuka kifo." Alisema kweli.

Siku moja ya Jumapili nilimfuata huko Kamunyonge kumrudisha, wakaniambia yuko ibadani. Nikaingia kanisani kumtafuta tu. Mhubiri alikuwa mwalimu wa shule, hana sauti wala maneno mengi. Alisoma habari za Adamu kujificha, kisha akauliza, "Uko wapi?" Akarudia. Ndugu zangu, nilijibu kwa sauti mbele ya watu wote: "Niko chini ya sakafu!" Nikaanguka. Nililia mpaka koo likakauka, na nilipoinuka kiu ya ile pombe ilikuwa imeondoka. Haijarudi hadi leo. Haleluya!

Mlidhani yameisha? Ndiyo kwanza yalianza. Nilikwenda Buswahili. Wambura alikuwa anapalilia mihogo. Nikapiga magoti kwenye matuta, nikasema yote. Hakunigusa.

"Umeniambia mimi," akasema. "Mimi nilikuwa najua. Kawaambie wasiojua."

Basi nikasimama uwanjani pa kinu, Bunda, mbele ya wafanyakazi na ndugu wa Nyangeta. Mawe matatu yalinipata kabla polisi hawajanichukua. Nilifungwa. Gerezani nilikuwa mtu huru kuliko ofisini, Mungu ni shahidi.

Nilipotoka sikuwa na kazi. Buswahili ilikuwa imeshakuwa kijiji cha ujamaa, wana mashine ya kusaga iliyokufa na trekta lisilowaka. Nilivifufua. Wanakijiji walipotaka niongoze karakana yao, Wambura alisimama mkutanoni.

"Aongoze. Lakini siku nikisema simamisha, anasimamisha."

Nikasema, "Nitasimamisha, mzee." Na nimesimamisha, tena mara nyingi, hata mavuno yakingoja. Karakana ile sasa inahudumia vijiji sita. Hilo ndilo jibu langu kwenu vijana.

Sitawadanganya kwamba yote yamepona. Mama mzazi wa Nyangeta nampitia kila nikienda Bunda, namwamkia, haitikii. Ana haki. Nitaendelea kumwamkia.

Namshukuru Mungu, namshukuru mke wangu aliyerudi, namshukuru Wambura aliyelala mwaka jana tukamzika kwa heshima yake. Na wewe unayekaa hapo ukijua kuna mtu anabeba kosa lako, usisubiri moto. Mtegemee Yesu, uinuke sasa hivi. Kama unaogopa kwenda peke yako kwa uliyemkosea, nitakusindikiza mimi mpaka mlangoni kwake, nisimame nje mpaka umalize kusema.