Tu Bi-hsia: Muuguzi Aliyesubiri Mtoto Aseme Mwenyewe

Alhamisi tarehe 31 Julai 2025, Muuguzi Tu Bi-hsia atavua beji yake baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne katika hospitali yetu hapa Chiayi. Kwenye faili la utumishi anaitwa Bi. Tu. Kwa wafanyakazi wenzake ni Dada Hsia, na kwa watoto waliopita mikononi mwake ni Shangazi Hsia, hata kwa wale ambao leo wana watoto wao.

Alianza Machi 1989 katika wodi ya watoto, akiwa na pikipiki ndogo nyekundu ambayo hakuwahi kujifunza kuiegesha vizuri. Mlinzi wa lango la kusini ndiye aliyeinyoosha kila asubuhi. Mlinzi huyo alipostaafu, Dada Hsia alimpelekea keki za nanasi na kumwomba radhi ya miaka kumi na tisa kwa mkupuo mmoja.

Mwaka 2009 kilifunguliwa kitengo cha upasuaji wa kupunguza uzito kwa watoto na vijana, na Daktari Wei, mpasuaji wake mkuu, akatafuta muuguzi mratibu. Wengi walisita. Siku zile watu walisema mtoto mnene anahitaji kukemewa tu na kunyimwa chai ya maziwa yenye punje za muhogo. Dada Hsia alisema amewaona watoto wa miaka kumi na minne wenye kisukari na ini lililojaa mafuta, kila mmoja wao amekwisha kukemewa na ukoo mzima, na bado hajapona. Alihamia kitengoni wiki hiyo hiyo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuihamisha mizani. Ilikuwa ukumbini, mbele ya mapokezi, na kila aliyepita aliweza kusoma namba. Dada Hsia na mhudumu mmoja waliisukuma mpaka kwenye stoo ya zamani ya mashuka, wakaweka mlango. Kisha akaagiza viti vipana visivyo na mikono. Fundi aliyevileta alimwuliza, "Dada, hivi ni vya kukaa watu wawili wawili?" Akajibiwa, "Ni vya mtu mmoja kukaa kwa raha. Andika hivyo kwenye risiti yako."

Upasuaji wenyewe, kwa wasioujua, huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, unaobaki ukiwa mwembamba kama ndizi. Hufanywa kwa matundu madogo, na mtoto huanza kutembea siku hiyo hiyo. Siku za mwanzo hunywa maji na supu nyepesi tu, kwa kikombe kisichozidi kidole gumba. Hapo ndipo bibi wa Chiayi walipompa Dada Hsia kazi. Bibi gani ataona mjukuu ametoka kupasuliwa asimpikie kuku kwa mafuta ya ufuta, tangawizi na pombe ya mchele? Chupa za supu ziliingia wodini zimefungwa ndani ya fulana. Lakini hazikuipita pua ya Dada Hsia.

"Bibi, nguo za mjukuu wako zinanukia tangawizi."

"Ni sabuni mpya hiyo."

"Basi nitajie jina lake nikainunue, nikalie wali."

Baada ya mwaka mzima wa kunyang'anya chupa, aligeuza mbinu. Kila bibi alipewa kikombe kidogo, kijiko na saa ya jikoni, akaambiwa kwamba yeye ndiye mnyweshaji rasmi, kijiko kimoja kila dakika mbili. Chupa zikakoma. Bibi mmoja alianza kuwakaripia wauguzi vijana kwamba wanakwenda mbio.

Hata hivyo, Dada Hsia akitajwa hapa hospitalini, watu hukumbuka zaidi habari ya Liao Pin-yu. Pin-yu mwenyewe ameturuhusu kuiandika, kwa sharti kwamba tusitaje kilo zake. Hatuzitaji.

Aliletwa mwaka 2014 akiwa na miaka kumi na sita. Pumzi yake ilikuwa inakatika usingizini mara nyingi kila saa, na sukari yake ilikuwa imeanza kukaidi dawa. Daktari Wei alisema wazi kwamba kila mwezi unaopita unauchosha moyo wa mtoto. Baba yake, aliyefanya kazi mbali, jijini Taoyuan, alitaka apasuliwe hata kesho. Bibi aliyemlea, mwenye duka la kifungua kinywa karibu na stesheni, hakutaka kusikia. "Tumbo lake halina ugonjwa wowote," alisema, "mnalikata la nini?"

Pin-yu alikuwa mtoto wa kuitikia kwa kichwa. Baba akisema, "Unataka, si ndiyo?" aliitikia kwa kichwa. Bibi akisema, "Hutaki, si ndiyo?" aliitikia vilevile. Kila mmoja alirudi nyumbani akijua ameshinda.

Asubuhi ya upasuaji baba alikuwa ameshatia saini na chumba kimeshaandaliwa. Dada Hsia aliwatoa watu wazima nje, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumwuliza, "Pin-yu, wewe mwenyewe unasemaje?" Mtoto akaitikia kwa kichwa. "Nimekuuliza kwa mdomo, nijibu kwa mdomo." Pin-yu akatazama soksi zake. Dada Hsia alisubiri dakika ishirini huku simu ya chumba cha upasuaji ikilia. Kisha aliipokea na kuomba jina hilo liondolewe kwenye orodha.

Sauti ya baba ilisikika mpaka ghorofa ya chini. "We muuguzi! Akinifia usingizini utanijibu nini?"

"Sitakuwa na jibu, kaka yangu, na hilo linanitisha kama linavyokutisha wewe," alisema Dada Hsia. "Lakini akishapasuliwa, mtoto huyu atakula vijiko vichache na kumeza vidonge vya vitamini maisha yake yote. Atafanya hivyo siku ambazo mimi na wewe hatupo. Akiingia mle kwa ajili yako, atachoka mapema."

Daktari Wei, aliyekuwa ameshanawa mikono, hakumsemesha kwa siku mbili. Uongozi ulimwandikia barua ya onyo. Barua hiyo ipo kwenye faili lake hadi leo, maana uongozi mpya ulipotaka kuiondoa alikataa, akisema ndiyo barua pekee humo iliyoandikwa kwa Kichina kizuri.

Jumapili iliyofuata, siku yake ya mapumziko, alisikia kwamba bibi anakwenda hekaluni na mjukuu wake kumwuliza mungu kwa vibao, naye akaomba kufuatana nao. Vibao ni viwili, umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mviringo juu, mungu amekubali. Vyote vikiwa mviringo juu, amekataa. Vyote vikiwa bapa juu, mungu anacheka, yaani swali halieleweki. Bibi alirusha mara ya kwanza, mungu akacheka. Mara ya pili akacheka. Mara ya tatu akacheka tena.

"Anakucheka wewe," bibi alimwambia Dada Hsia.

"Huenda, mama, uso wangu unachekesha. Kwani umemwuliza nini?"

"Nimemwuliza kama nimruhusu huyu."

"Na atakayepasuliwa ni nani?"

Bibi alimkabidhi mjukuu vibao.

Pin-yu alipiga magoti kwa taabu. Alivishika vibao muda mrefu mpaka watu waliosubiri nyuma yake wakaanza kukohoa. Mwishowe akavirudisha mezani bila kuvirusha. "Mimi sina swali," alisema. "Nataka. Na baba asiseme amenishawishi, na bibi asiseme nimelazimishwa. Nimesema mimi."

"Ala!" bibi akashangaa. "Sauti yote hiyo ulikuwa umeificha wapi, we mtoto?"

Siku kumi na moja baadaye alipasuliwa, na mambo yakaenda vizuri. Leo ana miaka ishirini na saba na ndiye anayeendesha duka la bibi. Kilo chache zimerudi, kama zinavyorudi kwa wengi, lakini kisukari kimetulia na hajawahi kukosa kliniki. Tangu kitengo kifunguliwe tumewafanyia upasuaji vijana mia mbili na kumi na wawili, na hatujampoteza hata mmoja. Wanne walifika mpaka kwenye swali la Dada Hsia wakajibu hapana. Walirudi nyumbani bila kugombezwa, na wawili kati yao walikuja wenyewe baadaye. Daktari Wei sasa huwaambia madaktari wanafunzi kwamba swali hilo ni sehemu ya upasuaji.

Mengine ni madogo, lakini tusiyaache. Huimba karaoke kwa sauti ya juu na kwa mahadhi yake mwenyewe. Huweka kwenye droo soksi za ziada kwa ajili ya wazazi, kwa sababu vyumba vyetu vina baridi. Mwandishi wa maneno haya, karani wa mapokezi, alipofiwa na mume wake mwaka juzi, Dada Hsia hakumwambia ajikaze. Alikuja kumsaidia kupanga mafaili wiki nzima, akiyapanga vibaya kila siku, ili asubuhi kuwe na kazi ya kufanya.

Fomu yetu ya ridhaa sasa ina nafasi ambayo mtoto hujaza kwa mkono wake, akieleza kwa nini anataka. Kijana mmoja aliandika kwamba anataka kufunga kamba za viatu vyake. Mwaka 2014 nafasi hiyo haikuwepo, kwa hiyo Dada Hsia alimpa Pin-yu karatasi tupu. Pin-yu aliandika: "Nataka bibi alale. Kila usiku anakaa kando yangu akihesabu pumzi zangu, anadhani sijui." Bibi hajui kusoma, na Dada Hsia ndiye aliyemsomea, kwa Kitaiwani, kwenye korido. Bibi alitoa kwenye mkoba muhuri wake wa jina, ambao ndio saini yake, ingawa sheria haikuudai, akaugonga chini ya maneno hayo.

Wanawe watatu wa Dada Hsia wameshaanza kuvutana akaishi kwa nani. Sisi tumemwuliza mwenyewe. Amesema bado hajajua, na tusimharakishe.

Hatukuharakishi, Dada Hsia. Asante kwa miaka yote hii. Uwe na afya, ule vizuri, upumzike uwezavyo, na ukishaamua, utuambie.